Msumeno wa mkanda wa kukatia chuma: maswali wanayouliza mafundi wa Malindi, na majibu yake

Karakana nyingi za Malindi siku hizi zina msumeno wa mkanda, yaani mashine ambayo bledi yake ni mkanda wa chuma unaozunguka juu ya magurudumu mawili, kuanzia zile za kuchomelea mageti na grili za hoteli hadi zinazotengeneza shafti za mashua na vipuri vya mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Nyingi pia zimeusukumia kona ukajaa vumbi, kwa sababu "unakata upande" au "unakula bledi". Inasikitisha, maana mashine hiyo ni ya gharama. Na ukichunguza, mara nyingi mashine ni nzima na bledi ni nzuri. Kilichokosekana ni mapatano kati ya vitu vitatu: idadi ya meno, kasi ya bledi na uzito wa mkono wa mashine, ile fremu iliyobeba bledi, unaoshuka juu ya chuma. Karibu kila swali hapa chini linarudi kwenye vitu hivyo vitatu.

Kwa nini nihangaike na msumeno wakati grainda inakata haraka?

Kwa geti moja la anglaini, grainda inatosha. Tofauti inaonekana unapotaka vipande thelathini vya urefu mmoja, au unapokata shafti ya milimita 50. Diski huisha ikipungua kila mkato, hupasha chuma moto hadi ncha ibadilike rangi, kisha hukuachia kazi ya kusaga. Bledi ya msumeno mdogo hukata njia ya upana wa milimita moja hivi, chuma kinabaki karibu baridi, na kipande kinatoka tayari kwa kuchomelea au kufungwa kwenye lathe, mashine ya kuchonga chuma kikizungushwa.

Halafu kuna cheche. Karakana zetu nyingi zimeezekwa makuti au zimepakana na jumba la makuti. Kule ufukweni mafundi wa mashua hufanya kazi kando ya madumu ya petroli na resini ya faiba. Lamu mjini nyumba zimebanana kiasi kwamba vichochoro vingi mkokoteni haupiti, seuze gari la zimamoto. Msumeno wa mkanda hautupi cheche. Kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Nichague bledi ya meno mangapi?

Bledi huuzwa kwa idadi ya meno katika kila inchi. Kanuni ni kwamba, wakati wowote wa mkato, meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma. Kwa chuma kilichojaa, meno 6 hadi 12 ndani ya chuma ndiyo kipimo kizuri. Yakizidi 24 kazi inaharibika.

Piga hesabu hivi: chukua upana wa chuma kwa milimita, gawanya kwa 25.4, zidisha kwa idadi ya meno ya bledi. Fimbo ya milimita 12 ikikatwa na bledi ya meno 14 inapata meno sita na kidogo, ni sawa kabisa. Bledi hiyohiyo kwenye shafti ya milimita 50 inaingiza meno karibu 28. Hapo uzito wa mkono umegawanyika kwa meno mengi mno na hakuna jino linalozama. Tena nafasi ndogo kati ya meno zinajaa chenga kabla jino halijatoka upande wa pili. Fundi anaona msumeno hauendi, anaongeza uzito, bledi inapinda, mkato unaenda upande. Kisha anailaumu bledi. Kwa shafti hiyo alihitaji meno 6, ambayo yangempa karibu 12 ndani ya chuma.

Mabomba membamba ni habari nyingine. Ukuta wa milimita 1.5 hauwezi kushika meno matatu kwa bledi yoyote ya kawaida, kwa hiyo tumia meno madogo kabisa unayopata, 18 hadi 24 kwa inchi, na punguza uzito sana, hasa bledi inapomaliza upande wa juu na kuanza kuta mbili za pembeni. Hapo ndipo meno hung'oka.

Utaona bledi zimeandikwa 10/14 au 6/10. Maana yake meno hayako umbali mmoja: yanabadilikabadilika kati ya namba hizo mbili, na hilo hupunguza mtetemo na kelele. Karakana inayokata kila kitu, ikiwa haina uwezo wa kununua zaidi ya aina mbili, ningeishauri ishike 10/14 kwa anglaini na mabomba yasiyo membamba sana, na 6/10 au 5/8 kwa fimbo nene na shafti. Kubadilisha bledi ni kazi ya dakika chache. Kulazimisha bledi moja ifanye yote ndiko kunakomaliza pesa.

Kuna tofauti gani kati ya bledi ya bei rahisi na ile ya metali mbili?

Ya bei rahisi ni chuma cha kaboni kitupu. Ile ya metali mbili ina mgongo wa chuma cha springi unaovumilia kupindwa, na ncha za meno za chuma kigumu kinachohimili joto, mara nyingi aina iitwayo M42 yenye kobalti. Kwa chuma cha kawaida kisicho kingi, ya kaboni inafanya kazi ukienda polepole. Kwa stenlesi usiijaribu. Mimi naona ya metali mbili ndiyo rahisi kweli ukihesabu idadi ya mikato, mradi tu uianze vizuri, kama nitakavyoeleza.

Nitajuaje kama uzito wa mkono ni sawa?

Angalia kinachodondoka chini ya bledi. Ukiona unga mkavu, meno yanasugua tu na hayakati: ongeza uzito au punguza kasi. Ukiona chenga nene zilizoungua, za kahawia au buluu, umezidisha: punguza. Unachotaka ni chenga zilizojikunja kidogo, zilizoachana, za rangi ya fedha. Chenga husema ukweli mapema kuliko sauti ya mota.

Wengi huogopa kuua bledi, wakapunguza uzito hadi karibu hakuna. Huko ni kuiua kwa njia nyingine. Jino lisilozama linasugua, linapata joto, na ncha inaisha bila kukata chochote.

Kwa mashine ndogo ya bledi ya upana wa milimita 13, tafuta mizani ya springi ya wavuvi, ile ya kutundikia samaki pale bandarini. Zima umeme, shusha mkono hadi ulale sawa, tundika ndoano kwenye ncha ya mkono, uinue kidogo tu na usome. Anzia kilo 3 hadi 5, kisha uziachie chenga zikuamulie. Ukishapata mahali pazuri pa springi ya mashine, ile inayopunguza uzito wa mkono, kwa kila aina ya chuma, paweke alama ya rangi kwenye mashine yenyewe, ili kijana wa karakana asiwe anakisia kila asubuhi.

Kama mashine yako ina silinda ya haidroliki, elewa kwamba vali yake hudhibiti mwendo wa kushuka, haibadilishi uzito wenyewe. Inafaa sana kwa mabomba kwa sababu inazuia mkono usidondoke ghafla ukuta unapoisha. Lakini ukikaza vali kupita kiasi kwenye chuma kilichojaa, unarudi kwenye kusugua.

Kasi gani kwa chuma gani?

Kasi hupimwa kwa mita ambazo bledi inapita kwa dakika. Kwa bledi ya metali mbili, chuma cha kawaida hukatwa kwa mita 60 hadi 80 ukiwa na maji ya kupoza. Ukikata kikavu, punguza kwa thuluthi moja au zaidi. Stenlesi, mita 20 hadi 35. Chuma cha kusubu, mita 30 hadi 50, tena kikavu. Alumini, kasi yote ambayo mashine yako inayo.

Mashine ndogo nyingi zina puli za ngazi tatu, takriban mita 24, 37 na 61. Usiamini kibandiko, pima. Weka alama ya chaki kwenye gurudumu linaloendesha bledi, hesabu mizunguko ya dakika moja, kisha zidisha kwa kipenyo cha gurudumu kwa mita na kwa 3.14. Gurudumu la sentimita 18 linalozunguka mara 65 linakupa karibu mita 37.

Ukweli ni kwamba karakana nyingi huiacha beliti ya mota kwenye ngazi moja mwaka mzima. Kuihamisha hakuchukui hata muda wa kuagiza chai.

Bledi mpya niianze vipi?

Jino jipya lina ncha kali mno na nyembamba. Ukilibebesha uzito wote siku ya kwanza, ncha inameguka kidogo kidogo, na bledi hiyo haitakuwa nzuri tena. Acha kasi iwe ya kawaida, lakini punguza uzito hadi nusu kwa sentimita za mraba 300 hadi 600 za kwanza za chuma cha kawaida. Shafti ya milimita 50 ikikatwa mara 15 inakupa karibu 300. Baada ya hapo ongeza uzito taratibu. Kuwa mwangalifu tu usipunguze hadi ukaona unga. Chenga ziendelee kutoka hata wakati huo.

Na bledi mpya usiiingize kwenye mkato ulioachwa na bledi ya zamani. Meno yaliyokwisha hukata njia nyembamba, mapya yatabanwa humo na kung'oka. Geuza kipande uanze upande wa pili.

Msumeno wangu unakata upande. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu linategemea upande gani. Kata fimbo nene ya mraba, kisha weka skwea (kipimo cha pembe mraba) kwenye sura mbili.

Kama mkato umeenda mshazari ukiutazama kutoka juu, kosa liko kwenye jiliwa, yale mataya yanayobana chuma. Taya lisilosogea halijakaa pembe mraba na bledi. Legeza boliti zake, weka skwea kati ya taya na ubavu wa bledi, ukwepe meno, kaza tena. Basi, umemaliza.

Kama mkato umeinama kutoka juu kwenda chini, au umefanya tumbo, kagua kwa mpangilio huu. Kwanza bledi: meno ya upande mmoja yakiwa butu, labda kwa kugusa taya la jiliwa au chuma kigumu, bledi huvutwa upande ulio mkali. Bledi ya namna hiyo haitengenezeki kwa marekebisho yoyote. Pili mkazo wa bledi. Tatu uzito uliozidi. Nne zile beringi za kuongoza bledi. Mkono unaozibeba usogezwe karibu na chuma kadiri unavyoweza; ukikata fimbo ya sentimita 3 huku beringi zimeachana sentimita 12, bledi ina nafasi kubwa ya kuyumba. Kwenye mashine nyingi, boliti mojawapo ya kila jozi ya beringi ina kitovu kilichoenda pembeni, ukiizungusha beringi inasogea kwenye bledi. Irekebishe hadi beringi izunguke pamoja na bledi, lakini uweze kuizuia kwa kidole mashine ikiwa imezimwa na bledi imesimama. Halafu simamisha skwea ndogo kwenye meza, uigusishe ubavu wa bledi karibu na kila jozi. Mwanga usipite.

Kuna jaribio moja ambalo wengi hulifanya vibaya. Wanakata kisahani chembamba cha shafti, wanakipima kwa venia (kipimo cha unene), wanaona unene ni mmoja pande zote, wanasema mashine ni sawa. Lakini mikato miwili iliyoinama sawasawa inatoa kisahani chenye unene mmoja! Baada ya mkato wa kwanza, legeza jiliwa, zungusha shafti nusu mzunguko, ndipo ukate wa pili. Sasa kosa linaonekana mara mbili ya ukubwa wake, na mahali palipo penene panakuonyesha linakoelekea.

Bledi ikazwe kiasi gani?

Zaidi ya vile mafundi wengi wanavyodhani. Bledi ya metali mbili hutaka mkazo ambao kwa kweli unairefusha, na urefu huo unapimika. Bana venia kwenye bledi kwa klampu mbili ndogo, taya zikiwa milimita 100 kabla hujakaza. Kisha kaza skrubu. Venia ikifika 100.1 umepata mkazo wa karibu megapaskali 200. Kwa mashine ndogo zenye fremu nyepesi, milimita 0.07 inatosha. Hesabu ni mizunguko mingapi ya skrubu imekufikisha hapo, uwe na kumbukumbu siku nyingine bila venia.

Jioni legeza. Bledi inayolala imekazwa inachosha magurudumu, beringi na yenyewe pia.

Bledi hukatika kabla meno hayajaisha.

Tazama ilipokatikia. Ikikatika kwenye kiungo, kiungo kilichomelewa vibaya, mrudishie muuzaji. Nyufa zikianzia mgongoni, mgongo unasuguliwa na ukingo wa gurudumu au beringi ya nyuma imekwama. Bledi ipite karibu na ukingo wa gurudumu bila kuusugua, na kwa hilo kuna skrubu ya kuinamisha gurudumu. Nyufa zikianzia kati ya meno, chuma kimechoka: mkazo au uzito umezidi, au bledi nene imefungwa kwenye magurudumu madogo ambayo inapinda humo kila mzunguko.

Kuunganisha bledi kwa mashine ya kawaida ya kuchomelea hakufai, hapo patakuwa pagumu na pa kuvunjika. Unaweza kusaga ncha mbili mshazari, uzilaze moja juu ya nyingine na kuziunganisha kwa solda ya fedha na flaksi yake. Ni kazi ya utulivu, lakini inashika.

Meno yameng'oka mahali pamoja. Niendelee?

Simamisha kwanza. Jino lililong'oka limebaki ndani ya mkato, ni gumu, na litang'oa mengine yanayolifuata. Litoe, au geuza chuma. Mapengo mawili matatu yanaweza kuvumilika kwenye chuma kinene. Kwenye bomba, hapana.

Bledi mpya kabisa inateleza tu, haikati.

Angalia meno yanatazama wapi. Yanatakiwa kuelekea kule bledi inakokwenda inapopita kwenye chuma. Kama yanatazama nyuma, kuigeuza kwa kuizungusha mezani hakusaidii. Lazima uipindue ndani-nje.

Naweza kukata springi za lori?

Wahunzi wengi huku hutengeneza patasi, mashoka na mapanga kwa springi za lori, kwa hiyo swali hili lina haki. Springi imekwisha kufanywa ngumu kiwandani, na mkato mmoja unaweza kumaliza bledi. Kabla ya kukata chuma chochote usichokijua, kisugue kwa tupa nzuri. Tupa ikila, msumeno utakula. Tupa ikiteleza na kulia, acha. Springi unaweza kuipasha hadi iwe nyekundu sawasawa, uizike kwenye majivu makavu ipoe usiku kucha, na asubuhi itakatika. Fimbo za silinda za haidroliki zenye kromu zina ngozi ngumu vilevile. Hata chuma kilichokatwa kwa gesi, ukingo wake huwa mgumu: anzia mkato mbali nao.

Na chuma kilichoburutwa kwenye mchanga au kilichotoka baharini kina mchanga, chumvi na makombe. Kipige brashi ya waya, kifute. Mchanga unamaliza meno haraka kuliko chuma chenyewe.

Shafti za mashua za stenlesi zinanishinda. Zinawaka, bledi inakuwa butu.

Stenlesi ina tabia ya kuwa ngumu pale inaposuguliwa. Jino likipita bila kuzama, linaacha ngozi ngumu, na jino linalofuata linakuta kazi nzito zaidi. Kwa hiyo kasi ndogo, uzito wa kutosha usiopungua, na usisimame katikati ya mkato kisha ukaanza tena kwa woga. Bledi ya metali mbili, yenye meno yanayofuata ile hesabu ya juu, na maji ya kupoza yasikatike. Aina ya 316, inayopendwa kwa bahari kwa sababu molibdenamu iliyomo inaisaidia kustahimili chumvi, inataka uangalifu huohuo wa 304, stenlesi ya kawaida. Ukiona unga au ukisikia mlio mwembamba wa kusugua, fanya jambo mara moja: ongeza uzito au shusha kasi. Ukingoja, umechelewa.

Maji ya kupoza nichanganye vipi? Maji yangu ni ya kisima.

Mafuta ya kukatia yanayochanganyika na maji hutiwa sehemu 1 kwa 10 hadi 20 za maji. Tia mafuta ndani ya maji huku ukikoroga. Ukifanya kinyume chake mchanganyiko hauji vizuri.

Visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na mwamba wa matumbawe unatia chokaa nyingi. Maji hayo hugawanya mchanganyiko, mafuta yakaelea juu, na chumvi ikatia kutu mezani na kwenye jiliwa. Kinga maji ya mvua ya masika, yahifadhi kwenye pipa kwa kazi hii peke yake. Tangi likianza kunuka, toa mafuta yanayoelea, safisha chenga zilizolala chini; likizidi kunuka, mwaga mbali na kisima na ufuo, utie mapya.

Mashine isiyo na pampu inaweza kukata kikavu kwa kasi ndogo, na kwa alumini kipande cha nta kikigusishwa bledi kinazuia chenga zisigande kwenye meno. Chuma cha kusubu usikitie maji. Unga wake ukilowa unageuka matope.

Oili chafu ya injini, tafadhali, usitumie. Haipozi, inatoa moshi, inaharibu kuchomelea baadaye, na ikigusa ngozi miaka nenda miaka rudi inaweza kuleta saratani. Vijana wetu wana mkono mmoja tu kila upande, na ndiyo riziki yao.

Chuma kilazwe vipi kwenye jiliwa?

Anglaini ilaze mgongo juu, miguu miwili ikiteremka, ili bledi ipite kwenye unene unaolingana tangu mwanzo hadi mwisho. Flatiba, chuma bapa, iliyolazwa inaingiza meno mengi, iliyosimamishwa machache. Amua kwa bledi uliyofunga. Flatiba ya 50 kwa 6 na bledi ya meno 14: ikilala ni meno karibu 28, ikisimama ni matatu na kidogo. Hapo bora isimame, uzito upunguzwe, au ibadilishwe bledi.

Kipande kifupi kinachoshikwa mwisho mmoja wa taya kitachomoka. Weka kipande kingine cha unene uleule mwisho wa pili, taya zibane sawa. Na fimbo ya mita sita ipewe egemeo nje ya mashine, la kimo sawa na meza. Fimbo inayoning'inia hubana bledi mkato unapokaribia kwisha.

Umeme ukikatika katikati ya mkato?

Zima swichi, inua mkono, bledi itoke kwenye chuma. Usiiache imelalia humo: umeme ukirudi ghafla mota inaanza ikiwa imebanwa, na mtu anaweza kuwa ameweka mkono karibu. Swichi inayokataa kuwaka yenyewe umeme unaporudi ni kitu cha kununua mapema. Na waya mrefu mwembamba wa kuvuta umeme kutoka nyumba ya pili unapunguza nguvu. Mota inaungua taratibu huku bledi ikilaumiwa.

Niko Lamu, bledi zinakuja kwa kuagiza. Nifanyeje zisiharibike?

Agiza kwa urefu kamili. Mashine ndogo nyingi hutumia milimita 1638, lakini pima yako: kata bledi iliyokwisha, inyooshe sakafuni. Kama huna, skrubu ya mkazo ikiwa katikati ya njia yake, chukua umbali wa vitovu vya magurudumu mara mbili, ongeza kipenyo cha gurudumu mara 3.14, ikiwa magurudumu ni sawa. Kosa dogo la urefu hapa ni safari nzima ya mzigo kurudi Mokowe na kuvuka tena.

Zikifika, zipake mafuta mepesi, zikunje mara tatu, zifunge kwenye plastiki, zining'inize juu. Upepo wa kusi unabeba chumvi hadi ndani ya kabati, na jino lenye kutu limekwisha kupoteza ncha kabla ya kazi.

Mavazi na usalama?

Kikoi na kanzu visikaribie mashine inayozunguka, hata kama ni Ijumaa na umepita mara moja tu. Glavu ni za kushika bledi iliyokunjwa, zivue mashine ikiwaka. Miwani wakati wote. Chenga zipigwe brashi, kamwe zisipanguswe kwa kiganja.

Nimepata mashine kuukuu ya kununua. Nikague nini?

Fungua giaboksi. Mafuta yaking'aa chembe za dhahabu, gia ya shaba iliyomo inaliwa, na kuipata ni shida. Zungusha magurudumu kwa mkono usikilize beringi, na utazame kingo zake kama zimelika. Inua na ushushe mkono: ukicheza kwenye bawaba, hakuna skwea itakayokusaidia. Soma kibandiko cha mota. Iliyotoka Marekani mara nyingi ni ya volti 110 na hezi 60. Kwetu ni volti 240 na hezi 50, kwa hiyo hata ukipata transfoma itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na mota itapata joto zaidi. Jumlisha bei ya mota mpya kabla hujapatana. Kisha nenda na fimbo yako mwenyewe na skwea yako, uombe ikatwe mbele yako.